Sauti ya Benchi la Mwisho

Januari 2016 pikipiki ilinigonga karibu na njia panda ya kwenda Tabora, mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti. Nilifungwa hogo, nikapewa magongo, na kwa Jumapili 12 mfululizo sikuweza kusimama mbele ya kwaya yangu. Nilikaa benchi la mwisho jirani na mlango, mahali ambapo mtu anaweza kunyoosha mguu bila kumkwaza mwingine. Nilikuwa nimeifundisha kwaya ile miaka 19. Katika miaka hiyo yote sikuwahi kuisikia ikiimba.

Naomba nieleweke. Mazoezini niliisikia, na Misani niliisikia nikiwa nimeinua mikono, nikijua alto wamechelewa wapi na besi wamepotea noti gani. Lakini kutoka pale anapokaa mkulima aliyetembea saa moja na nusu kuja kusali, sikuwahi. Jumapili ile ya kwanza wimbo wa mwanzo ulikuwa nilioutunga mwenyewe, na niliupenda. Nikafungua mdomo kuimba kiitikio changu pamoja na waumini wenzangu, nikashindwa.

Nilikuwa nimeandika Do = G, na kiitikio kinapanda moja kwa moja hadi do ya juu. Kwa soprano waliofanya mazoezi Jumatano na Jumamosi, noti ile ni raha, inang'aa. Kwa mwanamume aliyeamka saa kumi na moja akafungulia ng'ombe, na tangu hapo hajatoa sauti ila kusalimia njiani, ni ukuta. Mzee aliyekaa kulia kwangu alijaribu mara mbili. Mara ya pili sauti ilimkatika, akafunga mdomo, akakunja mikono kifuani, na hakuufungua tena mpaka Baba Yetu. Nikaanza kuhesabu vinywa. Katika mabenchi sita ya nyuma walioimba walikuwa wanne.

Matoleo yakaja. Wimbo ulikuwa na beti sita. Watu wakatoka, wakatoa, wakarudi kukaa. Padre akanawa mikono, akasimama altareni, akasubiri. Kwaya ilikuwa ubeti wa nne. Akaangalia misale, akaangalia watu, akainamisha kichwa. Ubeti wa tano. Miaka 19 sikujua kwamba padre huwa anasubiri, kwa sababu wakati huo mimi nilikuwa nimempa mgongo.

Nimeandika ushuhuda huu kwa ajili ya walimu wa kwaya wenzangu, hasa wa vigango vya huku kwetu ambako hakuna aliyesomea muziki chuoni. Mimi pia sikusoma. Nota nilifundishwa na katekista mmoja mzee aliyeziandika ubaoni kwa chaki, d r m f s l t, soprano mstari wa juu, besi chini, nukta mbili kwa kila pigo. Solfa ile ilienezwa huko Uingereza na John Curwen katika karne ya 19 ili watu wa kawaida waweze kuimba bila kumiliki ala, na ndiyo maana ilipofika kwetu ilishika kama moto wa kiangazi. Haidai chochote ila ubao na mtu mwenye subira. Katekista wangu alikuwa na vyote viwili. Alikuwa na desturi moja ambayo nilimwona nayo kama mtu wa zamani: kabla ya Misa alisimama mbele ya watu, si mbele ya kwaya, akawaimbisha kiitikio cha siku mara tatu. Nilipochukua nafasi yake niliifuta desturi hiyo Jumapili ya kwanza kabisa. Niliona inapoteza muda na inaonyesha ushamba.

Nilikuwa kijana, na Nzega yetu ni mji wa njia. Mabasi ya Mwanza hupita hapa yakielekea Dar es Salaam, malori ya Rwanda na Burundi hulala hapa, na wakati dhahabu ilipokuwa ikichimbwa Lusu watu wa mikoa mingi walihamia kwetu na mitindo yao ya kwaya. Wimbo uliotungwa Songea au Bukoba ulikuwa ukifika kwangu kwa fotokopi iliyofifia, imekunjwa mara nne mfukoni mwa kondakta. Nilikuwa nakesha na fotokopi hizo. Baadaye zikaja simu, ukaja mtandao wa Swahili Music Notes ambako nota za Kikatoliki zimejaa tele, na njaa yangu ikapata ghala. Kila wiki wimbo mpya. Nikiwa na hogo nilipata muda wa kupitia daftari ambamo huandika nyimbo za kila Jumapili. Karibu nusu ya nyimbo za mwaka uliotangulia tuliziimba mara moja tu. Kwaya walikaa nazo wiki nzima. Waumini walikutana nazo kwa dakika tano, zikaondoka, hazikurudi.

Mtu akikaa na wimbo kwa miaka, wimbo humfuata shambani. Mama yangu mzazi hakujua kusoma, lakini alikuwa akipalilia karanga huku anaimba nyimbo za kwaya ya Barabara ya 13 ya Ulyankulu, kwaya iliyozaliwa mkoani kwetu katika makazi ya wakimbizi wa Burundi yaliyofunguliwa mwaka 1972. Alizipata redioni na kwenye kaseti za jirani. Watu waliopoteza nchi walimfundisha mama yangu kumwomba Mungu, na walifanya hivyo kwa sababu wimbo mmoja ulirudiwa mpaka ukawa wake. Nikajiuliza, kwa nyimbo zangu zote mpya, ni mama gani wa Nzega anapalilia huku anaimba mmojawapo? Sikupata hata mmoja.

*

Benchi la mwisho lilinipeleka kwenye historia. Nilitaka kujua nilivyofika pale.

Ndala, hapa hapa wilayani, White Fathers walifungua misheni mwaka 1896. Misheni ilikuwa na miaka saba tu wakati Papa Pio wa X alipotoa agizo lake kuhusu muziki mtakatifu, tarehe 22 Novemba 1903, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia ambaye kwaya nyingi humwadhimisha kama somo wao. Agizo lile lilitoa heshima ya kwanza kwa wimbo wa Kigregori. Lilikataza piano kanisani, na pamoja na piano likakataza ngoma, matoazi na ala nyingine za makelele. Lilisema pia kwamba waimbaji hutekeleza huduma ya liturujia, kwa hiyo wanawake hawawezi kuwa katika kwaya. Sauti za juu ziimbwe na watoto wa kiume.

Nililisoma hilo mara mbili. Kwaya yangu ina wanawake 23 na wanaume 11. Pio wa X hakuwa akiiwazia Ndala. Alikuwa akipambana na makanisa ya Italia yaliyogeuka kumbi za maonyesho, ambako watu waliingia kusikiliza waimbaji mashuhuri na kumsahau aliyeko altareni. Hofu yake ilikuwa ya kweli, na nikiwa na mguu wangu ulionyooshwa nilikiri kwamba ilinihusu. Lakini dawa yake, ilipofika huku, ilizifunga ngoma nje ya mlango kwa miaka 60.

Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukapitisha Konstitusio ya Liturujia. Ibara ya 119 inasema kwamba penye mataifa yenye mapokeo yao ya muziki, mapokeo hayo yaheshimiwe na yapewe nafasi katika ibada. Mwaka uleule padre wetu Mtanzania, Stephen Mbunga, alichapisha kitabu kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Wakati maaskofu wanapiga kura Roma, tayari alikuwepo mwana wa nchi hii aliyekwisha kuketi na sheria zenyewe, akazipima mbele ya nyimbo za kwao.

Ndugu zetu Walutheri nao walikuwa kazini. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa aliandika wimbo wa Pasaka, Mfurahini, Haleluya, kwa tuni ya nchini. Mmarekani Howard Olson, aliyefundisha katika chuo cha Makumira, alikusanya nyimbo za namna hiyo katika Tumshangilie Mungu. Ule wa Kyamanywa leo umo katika kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani, namba 116. Walituletea tuni zao kwa miaka mingi, nasi tukawarudishia moja, wanaiimba asubuhi ya Pasaka. Namtajia hilo kila mwanakwaya anayeona haya kuimba cha kwao.

Kuna jambo la silabi ambalo naomba watunzi wenzangu walifikirie kwa makini, maana ndipo wimbo unapomkataa mtu wa benchi bila yeye kujua sababu. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema BWA-na, tunasema mwo-KO-zi. Tuni nyingi tulizorithi zilitungwa kwa Kijerumani na Kiingereza, lugha ambazo mstari wake mara nyingi huishia kwenye silabi nzito. Ukiweka maneno yetu juu ya tuni hiyo, pigo zito la mwisho linaangukia silabi nyepesi, na Bwana anakuwa bwa-NA, baba anakuwa ba-BA, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Watoto wetu wamekua wakidhani kwamba kanisani ndivyo inavyosemwa. Halafu iko M. Mtakatifu ina silabi tano, ya kwanza ni M yenyewe, nayo inadai noti yake. Katika neno mtu, hiyo M ndiyo yenye uzito wote. Mtunzi anayeibana M ndani ya noti ya silabi inayofuata anamlazimisha muumini kuikimbiza, na mzee hawezi kukimbiza, kwa hiyo ananyamaza. Nilichukua nyimbo zangu mwenyewe, nikazisoma kwa sauti kama ninavyozungumza dukani, nikapiga mstari chini ya kila silabi iliyokazwa, kisha nikatazama pigo zito liko wapi. Nyimbo nane nilizichana.

Kinyamwezi ni kigumu zaidi, kwa sababu sauti ikipanda au ikishuka maana inaweza kubadilika. Katekista mmoja wa kigango cha mbali alinisomea sala moja fupi polepole, nami nikafuata kupanda na kushuka kwa sauti yake kwa kidole hewani. Tuni ilikuwa tayari imo ndani ya sala. Kazi yangu ilikuwa kutoiharibu.

*

Nilirudi mbele ya kwaya mwezi wa Aprili, bado nikiwa na gongo moja. Nilikwenda kwanza kwa Baba Paroko nikamwomba radhi kwa zile dakika za kusubiri altareni. Alicheka kwa upole akasema, "Mwalimu, nilidhani unajua." Nikamweleza nilichotaka kubadili. Alikubali, akaniambia niende taratibu kwa sababu kwaya ni watu.

Wimbo wa mwanzo ukashuka hadi Do = D. Wimbo wa matoleo ukakatwa pale padre anaponawa mikono, hata kama tuko katikati ya ubeti tulioupenda. Tunamalizia kiitikio, tunakaa. Wimbo mpya mmoja kwa mwezi, na huo unarudi Jumapili nne. Dakika kumi kabla ya Misa nikasimama mbele ya watu, kama katekista wangu, nikawaimbisha kiitikio mara tatu. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilisikia aibu ya miaka 19 ikipanda kooni.

Soprano wanne waliondoka mwezi ule wakajiunga na kwaya nyingine. Mmoja aliniambia usoni, kwa adabu, "Mwalimu, unatushusha." Aliumia, nami niliumia, maana ni mimi niliyemfundisha kuipenda ile do ya juu. Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia kwamba sauti yake ni zawadi na kwamba iko siku ya kuiimba yote. Hilo naliamini. Ijumaa Kuu, watu wanapokwenda kuubusu msalaba, kwaya yangu huimba peke yake kwa sauti nne bila ala yoyote, na waumini husikiliza, na kusikiliza huko ni sala kamili. Sidai kila wimbo uwe wa kila mtu. Ninachodai ni kwamba Bwana Utuhurumie, Mtakatifu, kiitikio cha zaburi na Amina kuu baada ya mageuzo ni mali ya waumini, na kwaya ikiwanyang'anya hizo, hata ikiimba kama malaika, imechukua kisicho chake.

Mashindano nayaacha, na albamu pia. Tulirekodi moja, ikatugharimu deni na ugomvi wa sare, yatosha kusema hivyo. Spika nitazisema kwa ufupi: spika ikizidi, mtu hasikii sauti yake mwenyewe, na mtu asiyesikia sauti yake haimbi. Tuliziondoa mbili, tukabakiza moja ya masomo na mahubiri.

Nirudi kwenye kiitikio. Huku kwetu jambo la kuanzisha na kuitikia halikuja na misheni. Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, na kila msafara ulikuwa na kirangozi, mtu wa mbele. Msafiri Mwingereza Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, ikiitwa bado Kazeh, aliandika juu ya hao viongozi wa njia. Kirangozi alianza wimbo, na mstari mrefu wa watu wenye mizigo ukaitikia. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30. Mwenye mzigo huo kichwani hana pumzi ya mstari mrefu. Kwa hiyo kiitikio kilikuwa kifupi, maneno matatu au manne, kwenye sauti ya katikati ambapo koo halijikazi, na kilirudi na kurudi mpaka miguu ikakishika. Kirangozi ndiye aliyebadilisha maneno, akataja mto ulioko mbele, akamtaja aliyebaki nyuma. Hapo nimepata kipimo changu. Nikitunga kiitikio sasa najiuliza kama mtu mwenye kilo 30 kichwani angeweza kukiitikia, na waumini wa Jumapili ninaowajua wengi wao wamebeba zaidi ya hizo.

*

Sasa niseme juu ya ngoma, maana nilikosea hapo pia, na kosa hilo lilitangulia mguu wangu kwa miaka kadhaa.

Tulikuwa tunajiandaa kwa Pasaka. Nilitaka Utukufu wa mkesha ulipuke baada ya siku za ukimya, kengele zirudi na ngoma ziingie kwa kishindo. Kijana mmoja mpiga ngoma hodari alileta mdundo aliousikia kwa babu yake, mzito, unaovuta mwili. Tukaupenda sote. Usiku wa mkesha ulipoanza, kanisa lilisimama, vigelegele vikapaa. Katika furaha ile mama mmoja mzee aliyekaa upande wa Bikira Maria aliinuka, akatoka kwa mlango wa pembeni, hakurudi hata kupokea komunyo. Alikuwa mtu asiyekosa Misa.

Jumatatu ya Pasaka jioni nilikwenda kwake pamoja na mke wangu. Tukamwamkia, "Mwadila, mayu." Akatukaribisha, akatupa viti, akatuletea karanga. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, ngoma ile ndiyo waliyonipigia usiku nilipoingizwa uswezi, nikiwa msichana. Siku nilipobatizwa niliiaga. Juzi nimesimama na mshumaa wangu wa ubatizo mkononi, nanyi mkaniita nirudi."

Baswezi ni chama cha zamani cha mizimu katika Unyamwezi, chenye siri zake, na kuingia kwake kulikuwa jambo zito. Kijana wetu hakujua. Mimi, mzaliwa wa hapa, sikuuliza. Nilianza kuomba radhi nikasema kwamba basi tutaziacha ngoma. Alinikatiza. "Nani kasema mziache? Ngoma si mbaya. Ngoma zina kwao. Nyie mmechukua ya pale mkaileta hapa bila kuuliza."

Kisha akaimba. Ulikuwa wimbo wa kupura uwele, wa wanawake wengi wenye michi na magongo, anayeanza mmoja, wengine wakijibu kwa maneno matatu, pigo likianguka pale gongo linapoanguka. Aliuimba ameketi, kiganja kikigonga goti. Alisema huo hauna mzimu wala mganga, una jasho tu, na kwamba kwao walipoumaliza ndipo walipoanza kugawa nafaka. Niliandika solfa yake usiku uleule kwenye karatasi ya kalenda. Ilikuwa noti tano tu, hakuna fa wala ti.

Wimbo huo, kwa maneno mapya, ndio wimbo wetu wa matoleo katika sikukuu ya mavuno hadi leo. Watu huja kutoka mlangoni na debe la mahindi kichwani, na kuku, na mayai ndani ya kitenge, na alizeti, na hatua zao zinaangukia pigo lilelile la gongo. Hawashiki kitabu, maana mikono imejaa. Mwaka wa kwanza tulipouimba yule mama alikuwa benchini, na niligeuka kumwangalia. Sitasema alivyokuwa usoni, ni yake.

Tangu hapo hakuna mdundo unaoingia kanisani kwetu kabla sijaupeleka kwa wazee na kuuliza ulipigwa lini, na nani, kwa ajili ya nini. Nasikitika ninapokwenda kwenye makongamano ya kwaya na kukuta kinanda cha umeme chenye midundo iliyopangwa kiwandani kikipiga ngoma ileile toka Utukufu hadi wimbo wa mwisho. Mdundo ule haujui kusubiri pumzi ya watu, haujui kama ni Kwaresima, na hauna kwao. Wanaodhani kwamba kwa kinanda hicho wamemkimbia shetani wa ngoma za jadi sijui wamekimbilia wapi. Kinanda chetu kipo, kinasaidia kushika ufunguo. Kitufe cha midundo nimekifunika kwa plasta ya kidonda.

Na ukimya. Baada ya komunyo nilikuwa siachi hata sekunde moja itupu. Kwenye benchi la mwisho nilijua kwamba watu wanaporudi na kupiga magoti wanakuwa na la kusema, na mimi nilikuwa nawasemea. Sasa tunaimba wakati wa kupokea, halafu tunakaa. Mwanzoni waumini walikohoa na kugeuka kutazama kama kwaya imepatwa na jambo. Sasa hawageuki.

Hesabu ya vinywa naendelea nayo. Mara moja kwa mwezi namwachia msaidizi wangu, binti wa miaka 24 mwenye sikio kali kuliko langu, naye anaongoza, nami narudi kukaa jirani na mlango. Mzee yule wa kulia kwangu yuko bado. Jumapili moja aliniinamia katikati ya wimbo akaninong'oneza, "Mwalimu, ule wa zaburi ushushe tena kidogo." Nimeushusha hadi Do = C.

Zaburi ndiyo inayonisumbua mwaka huu. Wimbo wa katikati tumeufanya kama nyimbo nyingine zote, mapigo sawasawa, sauti nne, wakati zaburi ni mtu mmoja anayezungumza na Mungu na watu wanaomuunga mkono. Katika kijiji kimoja njia ya Ndala nimempata mzee anayepiga zeze. Ameketi na kibuyu kifuani, kidole kinatembea juu ya ubao, anaimba nusu na kusema nusu, na maneno yanasikika yote. Waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili waliliandika zeze katika Zaburi ya 150. Mimi nilisoma neno hilo miaka mingi bila kufikiri kwamba chombo chenyewe kiko umbali wa nauli ya bodaboda.

Amekuja mazoezini mara mbili. Zeze lake halikubaliani na kinanda chetu. Noti yake ya tatu iko katikati ya noti mbili za kinanda, si huku wala kule. Mpiga kinanda alitaka zeze likazwe. Mzee alisikiliza, akajaribu, akasema uzi unaweza kukazwa lakini zaburi hiyo yeye hataijua tena. Nimemwambia mpiga kinanda apumzike wakati wa zaburi, na wanakwaya wamekubali kujifunza ile noti ya tatu kwa masikio, kwa kuwa solfa haina herufi yake. Jumamosi saa tisa mzee anakuja tena. Kiitikio kina maneno manne, na nimemwomba yeye aamue kianzie juu kiasi gani.